Marudio ya jiwe la salfa yanagoma kwenye vati, nichome?

Duara_Saba: Wakuu, habari za kazi. Nina vati mbili huku Chunya, matangi ya kuloweka marudio (mchanga wa jiwe uliokwisha sagwa na kukamuliwa mara ya kwanza) kwa sayanaidi ili itoe dhahabu iliyobaki. Mchanga wa jiwe la juu, ule mwekundu kama tofali, ulikuwa unanilipa bila maneno. Sasa duara (shimo la kuchimbia) limefika kwenye maji, jiwe limekuwa la kijivu, lina vimeta vya njano, ukiligonga linanuka kiberiti. Vati ya mwisho maabara ilisoma gramu 8 za dhahabu kwa tani. Baada ya siku sita mchanga umebaki na 5.5! Na sayanaidi ya wiki nzima imeisha siku ya pili. Jirani anasema nichome mchanga kwa kuni kwanza. Nimeshanunua na kuni.

MamaKaboni: Usichome. Gonga jiwe lingine unuse vizuri. Likitoa harufu ya kitunguu saumu, humo mna aseniki, na ule moshi mweupe utatua kwenye bati na kwenye simtanki la maji ya kunywa.

Fundi_Elusheni: Mdogo wangu, hapo yawezekana una magonjwa mawili. La kwanza, dhahabu imefungiwa ndani ya pairaiti, vile vimeta vya njano vya salfa, sayanaidi haiifikii. Peleka kilo chache maabara, wasage laini zaidi, wazungushe kwenye chupa na sayanaidi saa 24. Dhahabu ikitoka, shida ni karasha yako, haisagi laini. Isipotoka, vati haitakusaidia, tafuta mwenye mtambo wa kuelea, ule unaokusanya salfa yenye dhahabu kwa povu, akununulie.

La pili ndilo linalokula pesa yako. Salfa ikikutana na hewa na maji inatengeneza asidi, pH (kipimo cha asidi) inashuka, sayanaidi inaruka kama gesi, na gesi hiyo inaua. Mimi natandaza mchanga juani, nachanganya chokaa, namwagia maji, vijana wanageuza kwa koleo wiki tatu hadi uanze kushika kutu. Siweki sayanaidi kabla pH haijasimama 10.5. Halafu maabara wapime shaba pia. Pale duara linapokutana na maji ndipo shaba laini hujikusanya, na hiyo inakunywa sayanaidi kuliko hata ile shaba ya njano ya chini.

Kokoto: Kule Barberton, Afrika Kusini, tangu 1986 mgodi wa Fairview unatumia bakteria kula hiyo pairaiti, kwenye matangi ya joto la nyuzi 40 hivi.

Fundi_Elusheni: Kokoto, mwenzio ana vati mbili na koleo.

Duara_Saba: Nimegonga mawe matatu, moja ni kitunguu saumu kabisa. Kuni nimempa mama ntilie. Fundi, chokaa unaweka mifuko mingapi kwa tani?

Fundi_Elusheni: Sikutajii mifuko. Chukua ndoo moja ya mchanga wako, ongeza chokaa kidogo kidogo huku unapima, ndoo ndiyo itakwambia.