Naomba ushauri: maonyesho ya picha za lubugo hapa Jinja

Habari zenu ndugu zangu. Sisi ni wachoraji wachache wa Jinja, tunachora juu ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa kuwa kitambaa, ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2005. Tunataka maonyesho yetu wenyewe hapahapa mjini, maana nauli ya kupeleka kazi Kampala inatumaliza.

Kwanza, namna ya kutundika. Lubugo likiwambwa kwenye fremu, jua kali hulikaza mpaka linachanika penye misumari. Mvua ikinyesha linalegea na sura niliyochora inapinda mdomo. Kioo ni ghali na, kusema kweli, kinaua ule wekundu wake. Mnaolitumia, mnalishonea turubai kwa nyuma au mnaliacha lining'inie kama pazia?

Pili, mwenye hoteli anatupa ukumbi bure ila anataka asilimia 40 ya kila picha itakayouzwa. Wenzangu wanasema tukubali, watalii wa mto Nile hulala pale. Mimi naona amezidisha, kwani fremu, usafiri na soda za ufunguzi ni juu yetu. Tumjibu vipi bila kumuudhi? Na picha ikiharibika ukutani kwake, nani hulipa? Mwenye mfano wa mkataba naomba aniwekee.