Chaja ya gari la umeme nyumbani: kebo ya kawaida, ya apu, au ya OCPP? Ipi salama?

Babu_wa_Nyali
Wanajamvi, habari za jioni. Nimeagiza Nissan Leaf kutoka Japani, ile ya betri ya kWh 24. Fundi ameniletea machaguo matatu ya kuchajia nyumbani:

1. Kebo yenye kisanduku kidogo katikati, unachomeka kwenye soketi ya kawaida, ampea 10. Haina intaneti wala nini.
2. Chaja ya ukutani ya kW 7.4 yenye waifai na apu. Unapanga saa, unaona matumizi, unaizima hata ukiwa kazini.
3. Chaja ya ukutani inayotumia OCPP, yaani lugha ya chaja kuongea na seva yoyote, ambayo kijana wangu anasema ataiunganisha na kompyuta ndogo humu humu nyumbani.

Bei nimeshaambiwa. Ninachotaka kujua ni habari ya udukuzi. Chaja itakaa ukuta wa nje, upande wa geti. Mtu anaweza kunifanyia nini?

FundiStima_NRB
Mzee shikamoo. Chukua namba 1 ulale usingizi. Kisicho na waifai wala bluetooth hakidukuliwi kutoka mbali. Halafu Leaf nyingi za Japani chaja yao ya ndani ni ya kW 3 hivi, kwa hiyo hiyo 7.4 utailipia na gari halitaimeza. Soketi tu iwe na saketi yake peke yake na breka yake, maana ampea 10 usiku kucha si mchezo. Soketi zilizoyeyuka nimebadilisha nyingi, chaja iliyodukuliwa sijaitiwa bado.

Kisauni_Finest
Jamani! Mwizi wa mtaani kwetu hana haja na nywila. Atakata kebo akauze shaba.

Seva_Dar
@Kisauni_Finest umenichekesha, ila ni kweli, kebo usiiache nje.

Mzee wangu, kwenye namba 2 wengi wanamwogopa mtu wa kompyuta aliyejibanza getini. Huyo yupo, lakini shida kubwa iko mbali zaidi. Ukiwa kazini, apu haiongei na chaja moja kwa moja. Inaongea na seva ya mtengenezaji, na seva ndiyo inayoiamrisha chaja iwake au izime. Mwaka 2021 kampuni ya Uingereza, Pen Test Partners, ilipima chaja sita za nyumbani. Kwa baadhi yake seva haikuhakikisha kama anayetoa amri ndiye mwenye akaunti. Ukiwa na namba ya chaja ya mtu, unaiendesha kama yako, naye yuko bafuni anaoga. Baadhi zilikuwa na Raspberry Pi ndani, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Bodi nzuri ya kujifunzia, sina ugomvi nayo, ila mwenye bisibisi akifungua kisanduku anaweza kusoma kumbukumbu yake na kuondoka na nywila ya waifai ya nyumba nzima. Na wewe umesema ukuta wa nje.

Halafu kuna mashindano ya Pwn2Own Automotive kule Tokyo, wadukuzi wanalipwa kwa kuonyesha udhaifu ili urekebishwe. Januari 2024 Autel MaxiCharger ilipitiwa kwa bluetooth: ndani ya programu yake kulikuwa na ufunguo wa siri uliokuwa sawa kwa chaja zote, kwa hiyo aliye karibu anaingia bila PIN ya mwenye chaja. Walirekebisha. Chaja nyingine ya nyumbani, JuiceBox 40, nayo ilivunjwa mashindano hayo hayo, na Oktoba mwaka huo kampuni iliyokuwa ikiiendesha Marekani, Enel X Way, ikafunga shughuli. Chaja zilibaki ukutani zikichaji, lakini nani tena wa kutuma marekebisho? Hilo ndilo linanisumbua kuliko mdukuzi mwenyewe. Chaja utakaa nayo miaka kumi. Apu je?

Babu_wa_Nyali
Marahaba FundiStima. Seva_Dar, sawa, tuseme ameingia. Atanilipua?

Seva_Dar
Hapana. Gari na chaja vina kinga zake za umeme ambazo hazingoji amri ya intaneti. Ataizima usiku uamke na betri tupu, au ataiwasha saa za umeme ghali. Atajua siku ambazo gari halikulala nyumbani, na hiyo kwa mwizi ni habari tosha. Au ataitumia chaja kama daraja la kufikia kamera na kompyuta zako. Kwa hiyo ukichukua namba 2, iweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta yako, isionane na vitu vingine.

Mpemba_Coventry
Naingilia kidogo kutoka huku Uingereza. Tangu 30 Desemba 2022 chaja mpya ya nyumbani haiuzwi hapa bila masharti ya usalama: kila chaja na nywila yake, mawasiliano yasimbwe mtu mwingine asiyasome, na kisanduku kikichokonolewa mwenyewe ajulishwe. Pia lazima iendelee kuchaji hata intaneti ikikatika. Tena ina ucheleweshaji wa nasibu, kwa kawaida hadi dakika 10, ili chaja za mji mzima zisiwake kwa mpigo zikaitikisa gridi.

Sheria yetu haifiki Mombasa, lakini mzee anaweza kumwuliza muuzaji kama modeli hiyo hiyo inauzwa Uingereza sasa hivi. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Na achukue isiyo na kebo ya kudumu, maana soketi yake huwa ya umbo la Type 2 na Leaf ya Japani ni Type 1. Kebo za kuunganisha hizo mbili zipo, jioni unaingiza ndani.

Kisauni_Finest
Na namba 3 hamjaigusa. Si ndiyo nzuri kuliko zote? Kila kitu nyumbani.

Seva_Dar
Kwa anayejua. OCPP ni lugha tu ya chaja na seva. Toleo la 1.6, lililoenea sana, linaweza kuendeshwa bila usimbaji wowote, na vijana wengi huliacha hivyo hivyo kwa kuwa linawaka mara ya kwanza. Kijana aweke TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, abadilishe nywila ya ukurasa wa mipangilio, asifungue mlango wowote (port) wa kuingilia kutoka intaneti kwenye ruta. Swali langu kwa mzee: kijana akihamia Nairobi, nani atasasisha hiyo kompyuta?

Babu_wa_Nyali
Hapo umenipata. Keshaanza kuulizia vyuo. Ila namba 1 itanisumbua kwa saa. Nikiomba ile tarifa ya magari ya umeme, usiku ni nafuu, na sitaki kuamka saa nne usiku kuchomeka.

FundiStima_NRB
Saa ipo ndani ya Leaf yenyewe, mzee. Panga kwenye dashibodi, chomeka jioni, gari litaanza lenyewe. Menyu zitakuwa za Kijapani, mwambie kijana akupigie picha za hatua kabla hajaondoka.

Mpemba_Coventry
Saa ya kwenye dashibodi sawa, za apu ya gari sizitaki. Februari 2016 ilibainika kuwa apu ya Leaf ilihitaji VIN tu, namba ya utambulisho wa gari inayosomeka kwenye kioo cha mbele, mtu yeyote akawasha kiyoyozi cha gari la mwenzie. Nissan waliizima kwa muda.

Babu_wa_Nyali
Basi namba 1. FundiStima, waya gani nimwambie fundi wangu?

FundiStima_NRB
Avute mm² 6 moja kwa moja kutoka kwenye bodi, na arthi nzuri, aipime mbele yako. Kwa ampea 10 ni kubwa kupita haja, lakini siku ukibadilisha gari ukataka ya ukutani, hutabomoa ukuta tena. Na soketi aiweke upande wa ndani wa geti.