Tupeane uzoefu: Amplifaya ya spika za mbele ilikutesaje kwenye gari lako?

Foleni Kuu
Wadau, habari za jioni. Jana nimekwama foleni ya Mwenge, ubavuni kwangu kuna IST, jamaa kafungulia singeli vioo vinatetemeka, ila sauti yenyewe imepasuka, twita (vispika vya sauti kali) zinakwaruza hadi meno yanauma. Nikakumbuka Noah yangu.

Wenye magari ya mtumba mnaijua redio ya Kijapani: FM inaishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, na maandishi yote ya kwao. Nikaitoa, nikafunga ya Android. Sauti nyembamba. Nikaambiwa weka amplifaya ya chaneli 4 iendeshe milango ya mbele. Ikafungwa, na kuanzia siku hiyo nikikanyaga mafuta spika zinapiga mluzi. Injini ikipanda, na wenyewe unapanda. Fundi akabadilisha spika, mluzi upo. Akabadilisha waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, upo. Mwisho akaniambia "zoea tu mkuu, ndiyo Android hizo".

Nani mwingine kapitia haya, na alitokaje?

Mnyonge Msonge
Mluzi! Umenikumbusha mbali sana.

Dada Spana
Mkuu, fungua kiti uangalie ethi (waya hasi unaoungwa kwenye bodi) ya amplifaya imefungwa wapi. Nakisia iko kwenye skrubu ya kiti, juu ya rangi. Hilo nakutana nalo karibu kila gari linaloletwa kwangu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti na washa, waya uwe mnene sawasawa na ule wa chanya na usizidi nusu mita. Ukimaliza paka grisi pasishike kutu.

Mluzi ukibaki, chomoa RCA upande wa amplifaya huku injini inanguruma. Ukikata, unatokea kwenye redio: ipe redio nayo ethi yake nene, maana ile ya soketi ya kiwandani ni uzi. Usipokata, shida iko kwenye amplifaya yenyewe au umeme wake. Na RCA zipite upande mmoja wa gari, waya wa betri upande mwingine.

Foleni Kuu
Dada, nimefungua kiti sasa hivi na tochi ya simu. Skrubu ya kiti. Juu ya rangi.

Mnyonge Msonge
😂😂😂

Bin Kisauni
Assalam aleikum jamaa. Mie huku Mombasa mluzi sikuupata, nilipata gari kutowaka asubuhi. Probox, betri mpya kabisa. Kila nikiamka, imekufa. Nikanunua nyingine, nayo ikafa. Kumbe aliyefunga aliuchukua ule waya wa rimoti akauunga moja kwa moja kwenye chanya ya betri, amplifaya haizimiki, usiku kucha yawaka chini ya kiti. Waya wa rimoti watoka kwenye redio, ni wa samawati wenye mstari mweupe, redio ikizima nayo izime. Nilipomuuliza akaniambia "si nilitaka usikate muziki ukizima gari, bosi". Wallahi sikujua nicheke ama nilie.

Mzee wa Besi
Tatizo lenu mnanunua vitu dhaifu. Mimi nimefunga ya wati 3000 kwenye Vitz, waya mwembamba tu, mwaka wa pili huu haijawahi kusumbua.

Dada Spana
Mzee, hiyo ya wati 3000 ina fyuzi ya ngapi ubavuni?

Mzee wa Besi
Moja, ya 30.

Dada Spana
Ampea 30 mara volti 14 ni wati 420 zinazoingia. Zikiingia 420 haziwezi kutoka 3000, labda iwe inachota umeme mbinguni. Na sehemu ya hizo inaishia kuwa joto. Ndiyo maana waya wako mwembamba haujaungua: kazi yenyewe ndogo.

Mzee wa Besi
Sikuja hapa kufundishwa hesabu. Boksi limeandika 3000.

Kifaru Mtulivu
Boksi halilipi faini likidanganya. Angalia palipoandikwa RMS, ndizo wati inazotoa kweli mfululizo.

Mtoto wa Msamvu
Mimi huwa napita tu kwenye nyuzi hizi lakini leo acheni niseme, maana nikisikia "waya wa betri" nywele zinasimama.

Tulikuwa tunatoka Dar kwenda Morogoro kwenye sendoff ya shemeji. Nyuma nimempakia mama mkwe, mdogo wake, na kapu la kuku watatu hai ambao yeye mwenyewe alikataa wasikae buti. Amplifaya ilikuwa imefungwa wiki hiyo hiyo, iko chini ya kiti cha abiria. Spika za mbele zinaimba kwaya safi kabisa, mama mkwe anasifia, "baba, gari lako linaongea". Nimevimba kichwa.

Tumepita Chalinze, karibu na Mikese nasikia harufu ya plastiki. Nikadhani lori la mbele. Mara moshi unatoka chini ya dashibodi, upande wa miguu yangu. Nikazima redio, moshi unaendelea. Nikazima gari kabisa, funguo mkononi, moshi UNAENDELEA. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu kichwani mwangu gari likizimwa umeme umekatika.

Tukatoka. Mama mkwe na miaka yake sitini na ushee alitoka kabla yangu, kapu kichwani, akakimbia kuelekea porini anapiga kelele "linalipuka". Nikafungua boneti: waya mwekundu wa amplifaya umewekwa moja kwa moja kwenye betri, haina fyuzi hapo, na ganda lake linachemka linadondoka. Nataka kufungua terminali, spana namba 10 sina. Utingo wa lori lililosimama akaja na koleo, akaung'oa waya kwa kuzungushia kitambaa mkononi. Moshi ukakata palepale.

Fundi wa Moro alituonyesha chanzo. Waya ulipitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukutani kati ya injini na dashibodi, bila raba. Bati likawa linaukata kidogo kidogo kwa mtikisiko mpaka likagusa shaba. Fyuzi ilikuwepo, lakini ameiweka kule chini ya kiti, karibu na amplifaya, "ili iwe rahisi kuifikia".

Jicho la Tai
Chai hii. Waya ukigusa bodi hivyo gari zima linateketea.

Mtoto wa Msamvu
Jicho, njoo Msamvu nikuonyeshe zulia lilivyo mpaka leo.

Kifaru Mtulivu
Si chai. Betri ile ile inayozungusha stata kwa mamia ya ampea ndiyo iliyokuwa inapita kwenye ule waya, na swichi ya funguo haihusiki. Fyuzi ya chini ya kiti haioni kitu, kwa sababu mchubuko uko kabla yake. Fyuzi kubwa kazi yake ni kulinda waya, hivyo inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45. Waya wa geji 8, fyuzi ya 50 inatosha kwa amplifaya za kawaida za milango.

Bin Kisauni
Pole sana ndugu yangu. Na kuku je?

Mtoto wa Msamvu
Wawili walifika.

Mnyonge Msonge
Mama mkwe anapanda tena gari lako au anakuja na basi?

Mtoto wa Msamvu
Basi.

Lulu ya Bukoba
Jamani rudini kwenye mada, hayo ya kuku fungueni uzi wenu. Mimi waya hauna shida, shida yangu ni sauti. Spika mpya za inchi 6 na nusu, amplifaya nzuri, ila nikipandisha kidogo zinapasuka, na besi hakuna.

Mzee wa Besi
Ongeza geini mpaka mwisho dada. Ndiyo sauti hiyo.

Dada Spana
USIFANYE HIVYO. Geini haiongezi wati, inalinganisha amplifaya na redio yako. Ukiizungusha mpaka mwisho mawimbi yanakatwa vichwa, na twita ndiyo inakufa kwanza.

Weka EQ sifuri, zima bass boost na loudness. Chomoa spika. Redio ipandishe mpaka robo tatu, yaani 30 kama mwisho ni 40. Piga toni ya kupimia ya 1 kHz, mita iwe kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Kama amplifaya inatoa wati 50 kwa omu 4: 50 mara 4 ni 200, kipeo chake cha pili ni 14.1. Pandisha geini taratibu mpaka usome volti 14, acha hapo.

Kifaru Mtulivu
Hapo nakupinga kidogo dada. Mita nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani, 50 Hz. Ukizipa 1 kHz zinaweza kudanganya. Tumia toni ya 100 Hz, ila krosova (swichi ya kugawa masafa ya sauti) iweke FULL kwanza, ukisahau, HPF (kichujio kinachokata besi) inakula volti na utajikuta unapandisha geini bila sababu.

Dada Spana
Kweli kwa mita ya mchina. Yangu inafika.

Jicho la Tai
Mita za nini. Mimi napandisha mpaka nisikie inakwaruza, narudisha nyuma kidogo. Magari yote ya mtaa nimefunga hivyo.

Kifaru Mtulivu
Na spika za mtaa mzima unaziuza wewe 😂

Jicho la Tai
Biashara ni biashara.

Dada Spana
@Lulu ukimaliza geini, weka HPF kwenye 80 Hz. Spika ya mlango usiilazimishe kupiga besi za sabufa, ndizo zinazoipasua. Halafu fungua kava la mlango: yale matundu makubwa ya bati yazibe kwa shiti za lami zile za kunyamazisha bodi. Sauti ya nyuma ya spika ikizunguka ikakutana na ya mbele, besi zinafutana. Ringi ya spika chukua ya plastiki, MDF (ubao wa unga wa mbao) mvua ikiingia inavimba.

Lulu ya Bukoba
Nimejaribu HPF, kupasuka kumeisha!! Ila besi bado. Cha ajabu nikisogeza balansi kushoto pekee besi ipo, kulia pekee ipo, katikati inapotea.

Kifaru Mtulivu
Spika moja chanya na hasi zimegeuzwa. Chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5, chanya kwa chanya, mara moja tu. Koni iruke nje. Ya mlango utakaoona inaingia ndani, geuza waya zake.

Lulu ya Bukoba
Ni ya upande wa dereva. Nageuza.

Mzee wa Besi
Ukimaliza ongeza geini.