Tupeane uzoefu: matairi ya pikapu kwa mawe ya Goma na matope ya majira ya mvua

Mwenye mada, Ndosho, Goma

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaendesha pikapu ya Toyota Hilux, nayo ndiyo inayoilisha nyumba yangu: safari moja hupeleka saruji Sake, safari nyingine hushuka na viazi na maharagwe kutoka Masisi. Mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa zimeanza kuchanganya, nilinunua matairi manne yaliyotumika ambayo muuzaji aliniambia yametoka Ulaya. Meno yake yalikuwa marefu, na ubavuni palichorwa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji katikati. Nilijiambia kwamba tairi lililotengenezwa kwa ajili ya theluji haliwezi kushindwa na tope la Mushaki, nikalipa bila kuuliza zaidi.

Kabla ya miezi minne kwisha, yale mawili ya nyuma yalikuwa yameliwa hadi karibu kuwa laini, na la tatu lilichanika ubavuni juu ya mawe ya volkano nikiwa na mzigo kamili. Nililala njiani na viazi vya watu, na asubuhi nililazimika kukodi gari jingine kwa fedha ambazo zingeninunulia tairi jipya.

Sitaki kurudia kosa hilo. Naomba kila mmoja aeleze anapita njia gani, anabeba uzito gani, alichagua tairi gani, na likamfanyia nini. Tafadhali tuseme yale tuliyoyapitia wenyewe.

Mwana wa Goma aliyeko Montréal

Kaka wa Ndosho, pole sana. Nilizaliwa Katindo na sasa ninaishi Canada, ambako alama uliyoiona ni jambo la sheria. Hapa Québec, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, gari la kawaida haliruhusiwi kutembea bila matairi yenye mlima ule na chembe ya theluji. Maana yake ni kwamba tairi hilo limejaribiwa juu ya theluji iliyoshindiliwa, likaonekana linashika vizuri kuliko tairi la kulinganishia. Alama haisemi lolote juu ya mawe, wala juu ya mzigo.

Nadhani yaliyokupata yanaelezeka hivi. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa ili ubaki laini joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, kwa sababu mpira wa kawaida hukakamaa katika baridi hiyo na kuteleza. Goma mchana hufika nyuzi 25, na hata usiku hakukaribii baridi ya huku. Mpira laini namna ile, ukibebeshwa saruji juu ya lami yenye jua, huliwa kama kifutio. Tena meno yake yamechanjwa mistari myembamba mingi, kana kwamba yamepitishwa wembe, ili kila mstari ung'ate theluji. Juu ya mawe makali mistari hiyohiyo ndiyo inayoanza kumeguka. Isitoshe, katika nchi kama Austria tairi la baridi lenye meno yaliyopungua chini ya milimita 4 halihesabiki tena kuwa la baridi, ilhali tairi la kawaida hukubaliwa hadi milimita 1.6. Ndiyo maana tairi linalotupwa huko linaweza kufika sokoni kwetu likionekana bado lina uhai mwingi.

Hata hivyo, usilikatae kila tairi lenye mlima ule. Yapo matairi ya njia zote, kwa mfano BFGoodrich KO2, ambayo yana alama hiyo na bado ubavu wake ni mnene na mpira wake ni mgumu. Mimi mwenyewe niliyatumia ya namna hiyo kwenye pikapu majira mawili ya baridi. Katika theluji mpya yalinipitisha bila wasiwasi, lakini kwenye barafu nilikanyaga breki mbele ya njiapanda gari likaendelea kwenda polepole hadi katikati, na ni neema tu kwamba hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo ninafunga matairi halisi ya baridi mwishoni mwa Novemba na kuyavua Aprili. Kuhusu herufi M+S, ambazo maana yake ni tope na theluji, zinahusu umbo la meno peke yake, na hazidai jaribio lolote.

Fundi wa matairi, Birere

Kaka wa Montréal amesema kweli, nami niongeze yale ninayoyaona kila siku mikononi mwangu. Wateja wengi huja wakainama, wakatia kidole kati ya meno, wakauliza bei. Nawasihi waanze na ubavu. Mji wetu umekaa juu ya lava, ile ya zamani, ile ya Januari 2002 na ile ya Mei 2021, na jiwe lake linapovunjwa na kumwagwa barabarani linabaki na ncha kama za chupa. Gari linapokwepa shimo, gurudumu huteleza kando ya jiwe, na ncha hiyo hukutana na ubavu, mahali ambapo hakuna meno ya kulinda. Tundu la msumari kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara ninaliziba kwa amani. Ubavu uliochanika sikubali kuuziba kwa ajili ya kurudi barabarani, hata mteja akikasirika, kwa sababu sehemu ile hukunjika kila gurudumu linapozunguka na kiraka hakikai.

Kwa hiyo, kwanza tafuta herufi LT, zinazoonyesha tairi lililojengwa kwa magari ya mizigo, lenye nyuzi nyingi zaidi ndani. Pili, soma namba ya uzito. Tairi la kawaida la Hilux la 265/65R17 mara nyingi huandikwa 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. La LT la kipimo hichohicho linaweza kuandikwa 120, yaani kilo 1,400. Tofauti hiyo huonekana siku ya saruji. Lakini ujue kwamba la LT linataka upepo mwingi zaidi ili libebe uzito uleule. Ukilijaza kama la zamani, umenunua nguvu usiyoitumia.

Tatu, tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri lisivuke miaka 10 hata kama meno yapo yote. Nimeletewa matairi yanayong'aa kwa rangi nyeusi iliyopakwa, ambayo nilipoyakunja kwa mkono yalionyesha nyufa kama udongo wa kiangazi. Na wale wanaokubali meno yachongwe upya kwa kisu cha moto kwenye tairi la pikapu, nawaonya kwa moyo wote: mpira unaobaki juu ya nyuzi ni mwembamba mno, na tairi hupasuka likiwa na abiria nyuma.

Dereva wa njia ya Kalehe

Mimi natoka Goma kwenda Bukavu kwa kupitia Sake, Minova na Kalehe, karibu kilomita 200, kwa Land Cruiser ya mlango mmoja yenye matairi membamba ya 7.50R16. Vijana hulitazama gari langu wakidhani matairi mapana ni bora. Kwenye mchanga ningekubaliana nao. Katika tope la njia yetu, ambalo chini yake mara nyingi kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope likafika chini na kushika, wakati lile pana linaelea juu yake kama mtumbwi.

Niliwahi kufunga matairi ya meno makubwa ya tope peke yake. Tope nilipita, sikatai, lakini kwenye lami yalivuma hadi nikashindwa kuzungumza na abiria, na mvua ikinyesha juu ya lami breki zilichelewa. Baada ya mwaka mmoja nilirudi kwenye matairi ya njia zote na nikanunua minyororo. Inakaa chini ya kiti, na mahali pabaya kabisa naifunga kwenye magurudumu ya nyuma, nikaivua nikifika palipo pakavu.

Mwenye magari mawili, Lubumbashi

Huku kwetu kiangazi ni kirefu, na tatizo ni joto na mwendo wa mbali kwenda Kolwezi. Matairi mawili yalinipasukia katika safari tofauti, na mara zote mbili dereva alikuwa ametoka bila kupima upepo. Nilinunua kipimo nikakiweka katika kila gari. Sijapata pancha ya namna ile tena.

Mama wa Nyantende, anayebeba mazao kutoka Walungu hadi Bukavu

Wanangu, udongo wetu ni mwekundu na mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni. Marehemu mume wangu alifunga matairi mapya mawili nyuma, akaacha mbele yale yaliyolika, kwa kuwa fedha hazikutosha. Kwenye mteremko usukani ulizungushwa lakini gari likaenda moja kwa moja mtaroni, na ndizi zote zikamwagika. Tangu nilipoanza kuliendesha mwenyewe nanunua manne ya aina moja, hata ikibidi nisubiri mavuno mawili. Tairi la akiba nalo linaingia katika zamu ya kubadilishana nafasi, kwa sababu lile linaloning'inia chini ya gari miaka mingi huwa limekufa siku unapolihitaji.

Mwenye mada

Mama, shikamoo na asante. Kaka wa Kalehe na fundi, nina maswali mawili. Ninashawishika kupanda hadi 265/70R17 ili gari liinuke kidogo. Je, kuna ubaya? Na katika tope mnapunguza upepo kiasi gani?

Fundi wa matairi, Birere

La 265/65R17 lina kimo cha milimita 776 hivi, na la 265/70R17 lina 803. Gari linainuka kwa nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 13 tu, na saa ya mwendo ikionyesha 60 utakuwa unakwenda 62. Kabla ya kulipa, funga moja mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na utazame kama linagusa chuma au kifuniko cha tope. Kwa maoni yangu, fedha za kuongeza kimo zingefaa zaidi kununua ubavu wa LT katika kipimo chako cha sasa.

Dereva wa njia ya Kalehe

Katika tope ninashuka hadi bari 1.5 hivi nikiwa na mzigo mdogo, na mwendo wangu haupiti ule wa baiskeli. Juu ya mawe sishuki hivyo, kwa sababu tairi lililolegea hutanua ubavu wake nje na kuukabidhi kwa jiwe. Nina pampu ndogo inayotumia betri ya gari, na kabla ya kurudi kwenye lami ninasimama nikajaza magurudumu yote manne, hata kama mvua inaninyeshea.