Mjadala: Zebaki ipigwe marufuku mialoni, au tuanze na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu?

Mchangiaji wa kwanza:
Hoja iliyoletwa hapa ni kwamba zebaki, inayotumika kunasa dhahabu, ipigwe marufuku mara moja katika mialo yote, yaani sehemu ambako wachimbaji wadogo husaga na kuosha mawe yao, kwa kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020 na mbinu mbadala zipo. Nia naiunga mkono, njia naipinga.

Ni kweli mbadala upo. Uzito mahususi wa dhahabu, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji, ni takribani 19, na wa magnetaiti, ule mchanga mweusi uliojaa katika baadhi ya miamba ya Geita, ni takribani 5. Kwa hiyo punje zikichekechwa kwanza zikawa za ukubwa unaolingana, karai na maji hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mchanga ukikauka, sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki huuinua ule mweusi, ingawa mwoshaji makini huurudisha na kuupitisha tena, maana vumbi la dhahabu hunaswa katikati yake likaondoka nao. Tone la sabuni majini huzuia vumbi hilo lisielee. Kinachobaki huyeyushwa kwa moto pamoja na boraksi, unga unaosaidia dhahabu kuyeyuka na kujitenga na uchafu, kama wanavyofanya wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino.

Lakini kazi hiyo inataka muda, na mwaloni muda si wa mchimbaji. Mwenye mwalo aliyemsagia mawe mara nyingi hubaki na marudio kama sehemu ya malipo, kisha marudio hayo huchenjuliwa kwa sianidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki; dhahabu laini iliyomponyoka mchimbaji huwa faida ya mwingine. Nani basi atamhimiza akae na sumaku hadi jioni?

Mchangiaji wa pili:
Kwa hiyo tuendelee kuvuta mvuke wa zebaki hadi wenye mialo waone huruma?

Mchangiaji wa kwanza:
La hasha. Mkataba wenyewe umetaja mambo ya kukomeshwa: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge la zebaki na dhahabu hadharani, kulichoma katika makazi ya watu, na kutia sianidi katika marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Hilo la mwisho halizungumzwi sana, labda kwa sababu linamgusa mwenye mtaji. Lisimamiwe kwa ukaguzi kwenye matangi ya sianidi, ambayo ni machache na hayahamishiki kama karai. Marudio yenye zebaki yakikosa mnunuzi, mwenye mwalo mwenyewe ndiye atakayeizuia zebaki getini.