Msimamizi wa mitumbwi anamsumbua binti yetu mwaloni, tufanyeje bila kukosa dagaa?

Mama Chanja

Habari zenu humu, wakubwa shikamooni. Niko Ilemela, Mwanza, mwalo wenyewe (pale mitumbwi inaposhusha samaki) siutaji. Nachukua dagaa wabichi, naanika mwenyewe, wakikauka napeleka soko la Kirumba Mwaloni.

Binti wa kaka yangu kamaliza kidato cha nne, nikamchukua nimfundishe kazi. Giza hili, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa, nilimwachia awe anakwenda kupokea mitumbwi alfajiri, mimi nibaki kuandaa vichanja vya kuanikia. Mwanzoni alikuwa anarudi mapema kabisa, nikasema mtoto ana nyota huyu. Baadaye akaanza kurudi jua limeshapanda. Nikamgombeza, akanyamaza. Wifi yangu ndiye aliyemdodosa mpaka akasema: msimamizi wa mitumbwi alimwambia aende kwake jioni, "uwe wa kwanza kupimiwa kila siku." Alipokataa, ndoo yake ikawa inasukumwa nyuma. Akina mama wenzetu wanaona, wanacheka tu: "Utazoea mwanangu, mwalo ndivyo ulivyo."

Kwa asiyejua kazi hii: anayepimiwa saa kumi na mbili anapata jua la kutwa na jioni dagaa wamekauka, wanang'aa. Anayepimiwa saa tatu anaombea wingu lisije. Mvua ikiwakuta hawajakauka wanakuwa chakula cha kuku, na bei ya kuku mnaijua. Kwa hiyo huyo bwana hajamgusa mtoto hata kidole, lakini anamtia hasara kila asubuhi.

Tajiri mwenye mitumbwi anakaa mjini, tunamwona siku ya hesabu. Kuhama siwezi, nilishatanguliza hela ya mafuta kwa mitumbwi hiyo hiyo na hawajamaliza kunirudishia. Polisi nao najua wataniuliza, "Amemfanya nini?" Nijibu nini?

Petroli Mchanganyiko

Mama, jamaa katongoza, binti kakataa, yameisha. Siku hizi mwanaume akifungua mdomo ni unyanyasaji. Mbona na wao wakitaka kitu wanajua kulegeza sauti?

Mama Chanja

Yangeisha kama ndoo ingebaki palepale. Wewe ulishawahi kutongoza mtu, akakataa, ukamharibia biashara mwezi mzima?

Mvuvi wa Kayenze

Nimevua dagaa tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za sola, niwaambie kitu ambacho hakisemwi. Dagaa wakifika ufukweni bei ya ndoo ni moja na kila mtu anaijua. Msimamizi hawezi kukupandishia wala kukushushia, tajiri atajua kwenye hesabu. Kitu pekee anachoweza kuuza kwa siri ni foleni. Mwenye hela anaichukua kwa hela, na msichana ambaye hana anaombwa kingine. Mbalamwezi ikikaribia, samaki wakipungua, ndiyo inakuwa mbaya zaidi, maana ndoo ni chache na wanawake ni walewale.

Petroli, mimi ni mwanaume kama wewe na nimeyaona. Kuna mama alikataa, akakaa siku tatu anarudi na ndoo tupu wakati mitumbwi imejaa. Sisi tulikuwa tunatazama. Mvuvi naye anamwogopa msimamizi, yeye ndiye anaamua nani apande mtumbwi usiku.

Msaidizi wa Kisheria, Buhongwa

Dada, kwanza usikubali kuambiwa halina jina. Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamshika mtu mwenye madaraka au mamlaka anayetaka ngono ili atoe ajira, haki au upendeleo wowote. Faini ni hadi milioni tano, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Wengi wanadhani TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni kwa ajili ya wahadhiri na maofisa wa serikali. Sivyo, sekta binafsi nayo imo. Na kosa ni kule kudai, hata kama hakupewa.

Piga 113 ya TAKUKURU, ni bure. Kama bado anamsumbua, ripoti sasa, maana wao wana utaratibu wa kuweka mtego. Ila msimtume binti akamtege kwa akili zenu wenyewe, nimeona watu wameumia. Meseji zake zisifutwe hata kama zinatia kinyaa. Akimgusa au akimtishia, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Hata maneno matupu ya kumsumbua mtu kingono ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kwa hiyo askari akiuliza "amemfanya nini," mwambie alichosema.

Sikufichi, ushahidi ndio unaoua kesi hizi. Hao wanaocheka mwaloni ndio mashahidi wako, na hawatakuja.

Bibi wa Nansio

Marahaba mwanangu. Sisi huku Ukerewe tulichoka, tukaunda kikundi. Tukakubaliana na matajiri kwamba hela inaingia kwenye simu ya tajiri mwenyewe jioni, na kila mmoja anapewa namba. Katibu wa BMU, ile kamati ya kusimamia mwalo, anaandika namba kwenye daftari, asubuhi ndoo zinapimwa kwa daftari. Msimamizi kazi yake ikabaki kupima.

Haikuwa pepo, nisikudanganye. Baadaye mwenyekiti wetu, mwanamke mwenzetu, akaanza kuuza namba za mwanzo. Tukamtoa kwa kelele nyingi sana. Lakini kumtoa mwanamke mwenzio kikundini ni ugomvi wa mchana, na watoto wetu hawaitwi tena chumbani kwa mtu.

Halafu nikuulize: wewe si ndiye uliyetoa hela ya mafuta? Bila mafuta injini haiwaki. Mbona unaongea kama mwombaji?

Mama Chanja

Bibi umenigonga. Nilikuwa nalihesabu kama deni linalonifunga, kumbe linamfunga na tajiri.

Nimekaa na wenzangu wawili ambao nao walitanguliza mafuta. Mmoja alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wanacheka. Ameniambia na yeye alipitia, miaka hiyo, na sikumwuliza zaidi. Nimempigia tajiri, nikamwambia mapatano ni mawili: hela kwenye simu yake na namba kwenye daftari, au aturudishie chetu twende mwalo mwingine giza lijalo. Akaanza na "huyo msimamizi ni kijana wa shemeji yangu," lakini kasema Jumamosi tuje na karatasi za hesabu.

Meseji zipo, tumezihamishia kwenye simu ya wifi. Kuhusu 113 binti mwenyewe ndiye atakayeamua, nimempa namba. Kwa sasa tunakwenda mwaloni wote wawili, na anasimama na ndoo yake mbele.

Wabeja sana. Msaidizi, naomba nikutumie ujumbe pembeni kuhusu maneno ya kuweka kwenye hiyo karatasi ya mapatano.

Msaidizi wa Kisheria, Buhongwa

Tuma. Kiasi cha mafuta kiandike kwa tarakimu na kwa maneno, na tajiri asaini mwenyewe, asimtume huyo kijana wa shemeji.