Wabulgaria wa ughaibuni: chalga au ngoma za jadi?

Kibwana_Chicago: Wakuu, salaam. Hapa Chicago nafanya kazi na Wabulgaria, madereva wa malori kama mimi, na huwa wananialika. Sherehe inaanza na horo: watu wameshikana mikono, mstari unazunguka ukumbi, gaida inalia (zumari lenye mfuko wa ngozi ya mbuzi). Baadaye DJ anaweka chalga, pop yao ya mahadhi ya Kituruki, na wazee wanaaga. Naona chalga inawaondolea watoto wao jadi. Mnaonaje?

Mwanaisha K: Vijana wanaofuata chalga ndio wanaolipia ukumbi, kaka. Mtoto aliyezaliwa Marekani haupati mdundo wa hesabu ya saba wa rachenitsa, ngoma yao ya kasi, mpaka aucheze. Ukumbi ukifungwa ataucheza wapi? Halafu hiyo mnayoiita jadi, nyingi ilipangwa upya kwa ajili ya jukwaa na Philip Koutev, mtunzi aliyeunda kundi la serikali la nyimbo na ngoma mwaka 1951.

Sauti ya Nne: Jadi ina walinzi. Kitka, kundi la waimbaji wanawake wa Oakland, California, wanaimba nyimbo za Kibulgaria tangu 1979, na wengi wao si Wabulgaria. Chalga ni kelele za Wajipsi tu.

Mwanaisha K: "Wajipsi tu"? Yuri Yunakov, mpiga saksofoni, ni Mroma (hao unaowaita Wajipsi) kutoka Bulgaria aliyehamia New York. Mwaka 2011 Marekani ilimpa tuzo yake ya juu ya sanaa za jadi. Wewe umepewa nini?

Sauti ya Nne: Dada, usinivunjie heshima. Yunakov anapiga muziki wa harusi. Chalga ni kitu kingine.

Mzee Tumbo: Kingine wapi? Harusi za miaka ya 1980 ndizo zilizoizaa. Ivo Papazov na klarineti yake walijaza viwanja, na serikali ya kikomunisti ikamfunga kwa kupiga muziki wa Kituruki na wa Kiroma. Ndugu yangu, unarudia maneno ya waliomfunga.

Sauti ya Nne: Mimi nimemfunga nani? Nimeimba kwaya maisha yangu yote, najua sauti iliyofunzwa. Wimbo wa jadi wa Valya Balkanska, mwimbaji wa Bulgaria, ulirushwa angani na Voyager, chombo cha anga cha Marekani, mwaka 1977. Nionyesheni chalga iliyofika huko.

Kibwana_Chicago: Wakuu, turudi kwa watoto.

Mzee Tumbo: Tutarudi. Kwanza anijibu: mwaka 1989 Waturuki wa Bulgaria zaidi ya laki tatu walikwenda Uturuki baada ya kulazimishwa kubadili majina. Nyimbo walizoondoka nazo ni za ughaibuni wa Bulgaria, au hao si Wabulgaria?

Sauti ya Nne: Hao walikwenda kwao.

Mwanaisha K: Kwao ni wapi, na wamezaliwa Kardzhali, huko huko Bulgaria, baba zao na babu zao vilevile? Jibu hilo kabla hujagusa muziki.